Unayetafuna Kahawa, Tema

Matanga ya mdogo wangu yalipoisha na wageni wakaondoka, tulibaki sisi wa nyumbani tukaanza kutoa vitu vya stoo. Jembe lisilo na mpini, chungu kilichotoboka, kiti cha Taata, baba yetu, chenye miguu mitatu. Halafu likatoka lile bomba la bati, limejikunja pembeni na limeota kutu mdomoni. Kijana wa marehemu akaliokota, akalipuliza vumbi.

"Shangazi, faneli hii naichukua mimi. Baba alikuwa anamiminia rubisi kwa hii hii."

Nikamwambia hiyo si faneli.

"Sasa ni nini?"

Nilipewa nilishike, nikalinusa. Lilinuka pombe ya ndizi iliyochacha, na chini ya pombe hiyo, kwa mbali sana, mafuta ya taa. Au labda hayakuwepo na mimi nilitaka tu kuyasikia. Mtu wa umri wangu pua yake si ya kuaminiwa.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika darasa la nne, na ninayoandika jioni ni habari za mvua na kuku. Lakini nyie wa rika langu mliokulia upande huu wa Ihembe mtanielewa, na mkiona nimekosea mahali mtanisahihisha. Wapo mnaokumbuka vizuri kuliko mimi.

Ndui ilipoingia kwetu sisi watoto hatukuambiwa. Tuliiona njiani. Nyumba yenye mgonjwa ilifungiwa mlango wa kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kwa kamba ya mgomba iliyoning'inizwa majani makavu, na ukiona majani hayo unazunguka kwa mbali. Bwana afya alikuja kwa baiskeli, akatuchanja mkononi, akasema watu wasikusanyike. Basi kanisa likasimama, gulio likasimama, ngoma za harusi zikanyamaza, na shule ikafungwa. Mtu asitoke nje ya kibanja chake. Mimi nilifurahi siku ya kwanza. Niseme ukweli, nilifurahi na ya pili pia.

Siku ya tatu ndipo niliposikia wanavyosema wazazi. Nilikuwa uani namenya ndizi, wao wako upande wa pili wa ukuta wa nyasi.

"Shule imefungwa," Taata alisema. "Njia zikifunguliwa, mtoto aende Murongo kama tulivyokubaliana."

"Imefungwa na ugonjwa," Mama akajibu. "Mwalimu hajaifunga."

"Kilichofungwa kimefungwa. Mimi nilimwambia dada yangu, shule ikisimama nampa mtoto. Unataka anione mwongo?"

"Na mimi uliniambia nini?"

Alichokuwa Taata amemwambia Mama ni kwamba nitasoma maadamu shule inaendelea. Dada yake, yaani shangazi yangu, aliuza chumvi na kanga kule Murongo, kwenye njia ya kuvukia kwenda Uganda, na alitaka msichana wa kumbebea watoto. Huyo msichana ndiye mimi. Sipendi msomaji amchukie Taata kwa hili. Alipofiwa na wazazi wake ni huyo dada aliyemlea, na alimwahidi mtoto kabla mimi sijajua hata kutembea. Alikuwa mtu mmoja mwenye ahadi mbili, naye alitafuta namna ya kuzitimiza zote. Lakini mimi ndizi iliniponyoka mkononi. Nilikuwa bado sijaweza kusoma ukurasa mzima bila kusimama, na nilitaka kuweza. Sikuwa na sababu kubwa zaidi ya hiyo.

Shule yetu ilikuwa kilimani, darasa moja la udongo na nyasi, na nyumba ya mwalimu kando yake. Sisi tulikaa ng'ambo ya bonde, kila nyumba imejificha ndani ya migomba yake, ukitazama kutoka juu huoni kitu ila majani na moshi. Mwalimu Zakaria alitoka pande za Muleba, kando ya ziwa, na watu wetu walimwita mtu wa samaki. Kilugha chake cha Kihaya na Kinyambo chetu ni ndugu, ila alikuwa na maneno yake yaliyotuchekesha, na Kiswahili alikisema kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni, moja moja. Alikaa peke yake kule juu, mkewe alikuwa amekwenda kwao kujifungua.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, tukasikia sauti. Haikuwa ya mtu wala ya ng'ombe. Ilitoka juu ikashuka polepole, kila neno limevutwa mpaka mwisho.

"Wa-na-fu-nziiii! Ha-mja-mboooo!"

Mama alitoka na mwiko mkononi. Taata alikuwa anapunguza majani ya migomba. Alisimama na kisu chake juu, akasikiliza, kisha akacheka.

"Mtu wa samaki amechoka kukaa peke yake. Sasa anaongea na milima."

Baadaye tulijua alivyofanya. Alichukua madebe mawili ya mafuta ya taa, akayapeleka kwa mhunzi aliyekaa chini ya shule, upande ule ule wa bonde, na mhunzi akayakata, akayakunja yakawa bomba refu kuliko mkono wangu, jembamba huku, pana kule, maungio yameshindiliwa kwa nyundo na kuzibwa kwa nta ya nyuki. Asubuhi kabla upepo haujaanza, sauti yake ilivuka bonde zima.

"Wa kwanza na wa pili, andikeni a, e, i, o, u. Wa tatu, andikeni: baba-a-na-li-maaa."

Vibao vyetu vya kuandikia vilikuwa vimefungiwa shuleni. Akatuambia tutafute ganda la mgomba, lile la ndani, jeupe, tukwaruze kwa mwiba wa mlimao. Kama hujawahi kuandika hivyo, jua kwamba mwanzoni huoni kitu. Unaandika, ganda linabaki jeupe, unadhani umepoteza muda wako. Halafu utomvu unaanza kubadilika, herufi zinatoka zenyewe moja baada ya nyingine, rangi ya kahawia, kama zilikuwemo humo ndani tangu zamani zikikungoja. Nimeandika kwa wino na kwa penseli tangu hapo, lakini mshangao ule sijaupata tena.

Maswali ya hesabu aliyatupa nasi tukayajibu kwa kelele. "Saba mara naneeee?" Na migomba yote ikajibu, hamsini na sita kutoka huku, hamsini na nne kutoka kule, na kutoka kibanja kilichokuwa chini ya chetu, sauti ya Joasi iliyowapita wote: "Ha-msi-ni-na-si-taaaa, Mwalimu, mimi ndiye wa kwanza!" Joasi alikuwa hivyo. Darasani aliketi nyuma yangu akinivuta shuka nililojifunga, na nikigeuka yeye anatazama paa. Tulikuwa tumezoea kupigana. Wakati wa karantini tulitukanana kupitia migomba, yeye akianza.

"Wewe, hamsini na nne umeitoa wapi? Umeiokota gulioni?"

"Si mimi niliyesema!"

"Naijua sauti yako! Kama mbuzi aliyekwama!"

Na bomba likashuka juu yetu: "Nyamazeniiii nyie wawili!"

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kosa la kitoto. Mwalimu alituona. Hakukuwa na namna nyingine. Kila asubuhi kabla ya somo alisema, "Wewe uliyeegemea mgomba, kaa wima!" na mimi nimeegemea mgomba. "Wewe unayekuna kichwa, acha!" na mkono wangu uko kichwani. Na kubwa zaidi, kila siku bila kukosa: "Wewe unayetafuna kahawa, te-maaa!"

Nyie wa kwetu hamhitaji kuelezwa kahawa ya kutafuna. Lakini kwa wajukuu niseme: ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na maganda yake, zikawekwa kwenye kikapu kidogo cha mgeni. Mtoto hazimhusu. Nami niliiba mbili kila asubuhi, nikazificha shavuni kwa sababu zinaondoa njaa. Aliposema tema, nilitema. Nilidhani ananisema mimi peke yangu. Nilikata shauri kwamba lile bomba lina jicho, kwamba ule upande mpana unatazama wakati ule mwembamba unasema. Usiku nililala nimefunika uso upande wa kilima.

Sikuwahi kuwaza kwamba watoto wote wa bonde tulikaa chini ya migomba, tulikuna vichwa, na tuliiba kahawa.

Mwisho wa kila somo alituita majina. Hili ndilo watu wazima walilolingoja. Aliita, akanyamaza, na mtoto akajibu "Nipo!" na kwa hayo bonde likajua watu wa nyumba ile ni wazima. Taata alisema hii si shule, shule ina mlango na kengele na mtoto anaondoka nyumbani. Mama alisema, "Ila wakati wa majina naona kisu chako hakikati kitu." Taata akasema alikuwa anapumzika.

Asubuhi moja saba mara nane ikajibiwa na wote isipokuwa Joasi. Nikafurahi, nikapiga kelele mimi ndiye wa kwanza. Wakati wa majina Mwalimu akaita, "Joasiiii." Kimya. Akaita anayefuata. Kesho yake akaita tena, akangoja kwa muda ule ule aliotupa sisi wengine, kisha akaendelea. Mama alikuwa ametazama chini kupitia migomba, akayaona majani makavu kwenye kamba. Alininyima tu ruhusa ya kupita upande ule wa kibanja.

Mwalimu aliendelea kuliita jina hilo kila siku. Sijui zilikuwa siku ngapi. Halafu asubuhi moja aliita "Joasiiii," akangoja, na kutoka chini yetu ikaja sauti ya mwanamke, si kubwa, ila ukungu uliibeba.

"Hayupo, Mwalimu."

Alikuwa mama yake.

Bomba likanyamaza. Bonde zima lilinyamaza, hata kuku. Kisha likasema, "Nimesikia, mama." Na baada ya kitambo: "Wa tatu, andikeni." Nikamwona Mwalimu mtu mwenye moyo wa jiwe. Leo sina hakika. Angefanya nini, mtu aliye peke yake kilimani, amekatazwa kuvuka? Tulichoandika siku hiyo sikikumbuki. Nakumbuka mwandiko wa sauti yake ulikuwa umepinda.

Mimi nikapata hesabu yangu mpya, na hii ndiyo iliyonitisha. Bomba linaona. Lilimwona Joasi akiwa amelala, likaita jina lake kila siku, likaita mpaka akaenda. Basi anayeitwa na kujibu ndiye anayejulikana alipo. Kesho yake nikakaa chini ya mgomba, ganda langu magotini, nikaamua sitajibu.

Likaita wenzangu. "Nipo!" "Nipo!" Likaita langu. Nikabana midomo.

Likaita tena.

Mama akatoka jikoni mbio. "Wewe! Unaitwa!" Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka lakini sikutoa sauti. Kule chini, kwa mama Joasi, nikasikia mtu ameanza kulia, na kutoka kwa jirani wa juu mwanamke akauliza kwa nguvu, "Jamani, na huyo pia?" Mwalimu akaita mara ya tatu, na safari hii jina langu lilifika limevunjika katikati.

Ndipo Taata alipotupa kisu chini. Akaja akasimama kando yangu, akaweka viganja mdomoni, na kwa sauti ambayo sikujua anayo, yeye aliyesema hii si shule, akapiga kelele kuelekea kilimani:

"Yupo! Mwalimu, yupo! Yupo hapa kwangu, mzima!"

Halafu kutoka juu, tukasikia kitu ambacho hatukukitegemea. Tukasikia mtu anacheka ndani ya bomba, au analia, mlio wa bati haukutenganisha. Kisha likakohoa.

"Asanteeee, mzee. Na wewe unayetafuna kahawa, te-maaa!"

Taata alikuwa na kahawa shavuni. Mtu mzima, mwenye kibanja chake, mwenye haki zote za kutafuna kahawa asubuhi. Akatazama kilimani. Akanitazama mimi. Akageuka pembeni, akatema.

Mama aliingia jikoni haraka, na nilijua anacheka kwa sababu mabega yake yalitikisika. Sijawahi kujua kama Taata alitii kwa kuamini au kwa kunifanya nicheke. Nilitaka kumuuliza miaka yote, nikaogopa nitaharibu. Lakini niliona kwamba bomba limemwona hata yeye, na hakufa, na alibaki amesimama hapo mkono wake kichwani kwangu. Aliponiambia, "Sasa jibu mwenyewe," nikajibu.

Tangu siku hiyo alipunguza majani upande ule wa kibanja unaotazama shule.

Njia zilipofunguliwa shangazi alikuja, mwanamke mrefu mwenye kanga mpya na kikapu cha chumvi kwa ajili yetu. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaniinua, akanipima mikono kama mtu anayechagua jembe, ila kwa upole. Sikumchukia. Alikuwa na watoto watatu wadogo na mgongo mmoja.

Alikaribishwa, akaletewa kikapu cha kahawa. Akachukua moja, akaanza kutafuna.

"Kaka, nimesikia shule yenu ilifungwa tangu ugonjwa uingie."

"Nani kakuambia?"

"Murongo nzima inajua. Shule zote zilifungwa."

Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika ganda la mgomba nililoliandika asubuhi ile, nikidhani litanitetea. Nililinyoosha kwa shangazi. Akaligeuza huku na huku.

"Mbona hakuna kitu?"

"Limekaukia vibaya," nikasema kwa sauti ndogo. Kweli lilikuwa jeupe. Nadhani nilichagua ganda lililopitwa na utomvu. Tena siku hiyo hasa.

Taata alivuta kiti chake cha miguu mitatu. "Dada, nilikuambia shule ikisimama nakupa mtoto."

"Ndivyo ulivyosema."

"Haikusimama."

"Kaka! Unanitania? Mlango ulifungwa kwa kamba!"

"Mlango, ndiyo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, shule ni mlango." Akajikuna shingo. Hakuwa mtu wa maneno mengi na niliona anayatafuta. "Lakini kila asubuhi waliitwa majina, wakajibu. Aliyekosa kujibu tulijua kwa nini. Na mimi, dada, na ndevu zangu hizi, niliambiwa niteme kahawa, nikatema. Mtu anaambiwaje ateme kahawa na shule iliyofungwa?"

Shangazi alimtazama kaka yake kwa muda. Kisha akatazama kikapu. Kisha, nawaambieni, akaacha kutafuna.

"Akatema nani? Wewe?"

"Mimi."

"Mbele ya mkeo?"

"Na mtoto."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akacheka, na hapo nilijua siendi. Lakini niwe wa haki: haikuisha kwa kicheko. Alirudi Murongo bila msaidizi, na mwaka ule mzima tulimpelekea ndizi na maharage kila aliyeweza kubeba alipopita. Taata hakuona amemshinda dada yake. Aliona ana deni, na deni hilo lilinifanya nisome kama mtu anayelima kwa bidii shamba la mwingine. Nilisoma ukurasa mzima bila kusimama kabla ya mavuno ya kahawa. Nilifika la nne, la tano lilikuwa mbali na wadogo zangu walikuwa wengi, nikaishia hapo. Hadi leo nikisoma kwa sauti navuta miisho ya maneno. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anasoma kama anaita ng'ombe. Nami siwaambii kwamba nilijifunza kusoma ng'ambo ya bonde.

Mwalimu alihamishwa baadaye kurudi kwao ziwani. Darasa la nyasi lilibomolewa likajengwa la bati, na katika takataka zake Taata akaliona bomba, akalileta nyumbani. Hakusema la nini. Miaka ikapita, mdogo wangu, ambaye wakati wa karantini alikuwa mgongoni kwa Mama, akaona tundu pana na tundu jembamba, akaona faneli. Simlaumu. Hakulisikia likisema.

Basi nilikuwa nimelishika pale mlangoni mwa stoo, na kijana wake ananingoja.

"Shangazi, hujaniambia ni nini."

"Subiri nikuonyeshe."

Nikatoka uani, nikaligeuzia ule upande wa kilima. Shule sasa haionekani, miti imekua. Nikaliweka mdomoni lile tundu jembamba, nikavuta pumzi, na maneno hayakutoka. Yalikwama. Kwenye matanga kikapu cha kahawa kilikuwa kimezunguka tangu asubuhi na mimi nilikuwa na mbili shavuni, kama nilivyozoea tangu nilipokuwa naziiba. Huwezi kuita kwa bomba ukiwa na kahawa mdomoni. Haiwezekani kabisa.

Nikasimama hapo na bati baridi midomoni. Nikamwona Mwalimu akilini, kijana mmoja, kwa kuwa sasa najua alikuwa kijana tu, mkewe yuko mbali, hajapata chakula, ameamka kabla ya jua na kutia buni mbili shavuni zimwondolee njaa. Anasimama ukingoni mwa kilima, anainua bomba, anakuta hawezi kusema mpaka ateme, na neno hilo hilo analitupa kwetu. Labda. Sina wa kunithibitishia, wote wameondoka.

"Shangazi?"

Nikageuka pembeni, nikatema.